Njia iliyogeuka korongo: kisa cha kilima kimoja nje ya Dodoma

Jumapili ya pili ya Februari 2024, saa moja asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu ambaye kwa kawaida humaliza salamu zote ndipo aseme shida. Safari hii aliziruka. "Mwalimu, chukua wenzako mje. Mzee amekaa shambani kwake, anasema haondoki mpaka awaone watu wa baiskeli."

Tulifika saa tatu. Mzee alikuwa ameketi juu ya gogo la mgunga, fimbo magotini. Tukamsalimia, "Mbukwa, babu," akaitika bila kuinua macho. Mbele yake ulimi wa mchanga mwekundu ulikuwa umefunika mistari saba ya uwele uliokwisha kufika magotini. Ukiufuata kwa macho kupanda kilima, ulianzia kwenye mdomo wa mfereji, na mfereji huo ulikuwa njia yetu ya baiskeli, ile tuliyoifungua Oktoba kwa soda na picha.

"Wajukuu zangu," akasema, "hii ndiyo mnaiita njia?"

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu tangu siku ile nimeulizwa na watu wa Singida, Kondoa na Mpwapwa wanaotaka kuchora njia za baiskeli kwenye vilima vyao, na wote wanataka kuanza pale pale tulipoanzia sisi. Wanatafuta njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja, wanaifagia, wanaiita njia ya wote.

Kilima chenyewe sitakitaja. Hakina maegesho, hakina choo, na wenyeji hawajaomba wageni. Kipo kusini mwa mji, kimoja kati ya vile vilima vya graniti vinavyochomoza kwenye tambarare la Ugogo kama migongo ya viboko. Tambarare lenyewe liko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kutoka kwenye shingo ya kilima, tulikoanzia, hadi ukingo wa shamba la mzee ni mita 140 za kushuka, na njia ya ng'ombe ilizimaliza ndani ya mita 700. Ukigawanya unapata mteremko wa asilimia 20, yaani kila hatua mia unazokwenda mbele unashuka ishirini. Hesabu hiyo ya darasa la sita hatukuipiga. Mimi ni mwalimu na sikuipiga.

Tulikuwa kumi na wanne. Wanne walikuwa na baiskeli za gia zenye shokapu mbele na breki za diski, na miaka ya kushuka na kupanda vilima. Fundi wetu alikuja na Phoenix yake ya kazini, fremu ya chuma, karia nyuma, na kwenye barabara ya vumbi hakuna aliyemfikia. Wanafunzi wa chuo watano, wenye baiskeli za kila aina. Dada wawili waliohamia Dodoma na wizara yao, ambao mara ya mwisho kupanda baiskeli walikuwa darasa la nne. Waliobaki wawili, mimi mmoja wao, tulikuwa hapo katikati. Tukakubaliana njia iwe moja, ya wote: anayejua ashuke kwa kasi, asiyejua ashuke polepole. Sentensi hiyo imo kwenye daftari la kikundi kwa mwandiko wangu, na karibu makosa yetu yote yamo ndani yake.

Wazo la mstari ulionyooka lilitoka kwenye simu. Kijana mmoja alituonyesha video za Moab, jimbo la Utah, Marekani. Moab iko kama mita 1,200 juu ya bahari, karibu sawa na Dodoma. Nyuma yake milima ya La Sal inafika mita 3,877, na kuna njia maarufu inayoanzia huko juu kwenye misonobari na baridi, ikashuka mpaka jangwani karibu na mto Colorado. Sisi nasi tuna nyika, na ukipita Singida ukafika Katesh unaukuta Hanang wenye mita 3,420. Kwa mtu anayetazama haraka nchi hizi mbili ni ndugu: ukame chini, mlima juu, mawe makubwa, miti ya kuhesabika. Kwenye video watu walishuka juu ya mwamba mtupu kama mjusi ukutani na hawakuacha hata alama.

Hawakuacha alama kwa sababu walikuwa juu ya mwamba. Njia ya Slickrock pale Moab, iliyochorwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, sehemu yake kubwa ni jiwe la mchanga lililo wazi. Farasi mwenye kwato za chuma huteleza juu yake, lakini mpira unalishika kama msasa. Na pale ambapo jiwe limekwisha na udongo umeanza, watu wa kule wana ukali ambao video haikuonyesha. Wanakataza kutoka nje ya njia hata hatua moja, kwa sababu udongo wa jangwa lile una ngozi hai ya bakteria, kuvu na mimea midogo, na ukiivunja inachukua miaka mingi kurudi. Katazo hilo hatukuliona. Tukachukua mstari wa mwamba tukaulaza juu ya kichanga.

Septemba Dodoma ina uongo wake. Ardhi imekauka tangu Mei, imekanyagwa na mifugo mpaka imekuwa kama sakafu, na ukipiga sururu inarudisha mlio. Mtu anaangalia anasema hapa hata lori lingepita. Tulifanya kazi Jumamosi tatu tu. Kufyeka miiba, kuondoa mawe yaliyolegea, kuacha ngazi moja ya mwamba katikati ili wale wanne wapate pa kurukia. Kuanzia Oktoba hadi mvua za kwanza tuliendesha Jumamosi nane, na nakiri zilikuwa za raha.

Mvua za mwanzo wa Desemba zilitoboa. Januari njia ilikuwa na mfereji wa kiatu kuingia. Februari tukaitwa shambani.

Mkutano wa kwanza wa kikundi ulikuwa wa kutafuta pa kuiweka lawama, na tulipata haraka: El Niño. Mwaka ule kila mtu alikuwa na kisa chake cha mvua. Desemba 3, 2023, tope na mawe ya Hanang yalishukia Katesh na kuua makumi ya watu, na baada ya habari ile nani angekushangaa ukisema mvua imeharibu njia ya baiskeli? Tukaandika "sababu: mvua zisizo za kawaida." Dada mmoja kati ya wale wawili, ambaye ofisini kwake kazi yake ni kukagua hesabu za watu, akauliza swali lililotuharibia usingizi. "Ile njia ya mbuzi iliyo jirani mbona nzima?"

Kweli. Hatua kama themanini upande wa magharibi ipo njia ya mbuzi inayopita ubavuni mwa kilima kwa kulala, haishuki wala haipandi kwa haraka. Mvua ni ile ile na udongo ni ule ule, ila mbuzi ni wengi kuliko sisi kwa mbali. Ilikuwa na vumbi lililolowa na kukauka, na vinyesi. Haikuwa na mfereji.

Basi tukarudi na kamba yenye mafundo kila mita, rula ndefu ya ubaoni, na chupa ya maji nusu ya kuangalizia ulalo. Tukaipima njia nzima kutoka juu. Nilitegemea kuona korongo refu zaidi mahali penye mteremko mkali zaidi. Haikuwa hivyo. Sehemu kali kuliko zote ilikuwa juu ya bamba la graniti, na pale, bila shaka, hakuna kilichochimbika. Kwenye udongo, sehemu ya asilimia 24 ilikuwa imeliwa sentimita kumi tu. Shimo lenyewe hasa, sentimita 60, lilikuwa mahali ambapo mteremko ni asilimia 15, mahali ambapo ukisimama unaona pako karibu tambarare.

Paliharibikaje pale na si juu yake? Jibu lilikuja kwa vipande viwili, kutoka kwa watu wawili ambao hakuna aliyefikiria kuwauliza mwanzoni.

Kipande cha kwanza ni cha fundi. Sisi tulikuwa tumeinama tunatazama udongo, yeye alikuwa amegeuza baiskeli zetu miguu juu. "Tazameni tairi," akasema. Tairi la nyuma la mwanafunzi mmoja lilikuwa limelika vipara viwili, sehemu nyingine meno yake bado yapo. La dada mkaguzi lilikuwa hivyo hivyo. Kisha akachomoa pedi za breki ya mbele za baiskeli hiyo hiyo: mpya, kama zimetoka dukani leo. "Huyu hashiki breki ya mbele kabisa. Anafunga ya nyuma, gurudumu linasimama, linakokotwa. Hiyo si baiskeli tena, hilo ni jembe."

Dada akacheka, kisha akaeleza. Alipokuwa mtoto kaka yake alimwambia ukishika ya mbele utapaa juu ya usukani, na hakuisahau. Nilipouliza, karibu wote tuliojifunzia kwenye baiskeli ya baba tulikuwa na onyo hilo kichwani. Lina ukweli kwa mtu anayeibana ghafla akiwa amekaa mbele. Kwa mtu aliyerudisha makalio nyuma ya siti na kuibana kidogo kidogo kwa kidole, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi kwenye mteremko, kwa kuwa uzito mwingi umehamia mbele.

Tukapiga hesabu. Ukiwatoa wale wanne na fundi, tulibaki tisa. Jumamosi nane, kila mmoja akishuka mara tatu: mipito 216. Na wote tulikuwa tunafunga breki mahali pamoja, mita chache kabla ya ile ngazi ya mwamba tuliyoiacha kwa ajili ya mafundi wa kuruka. Anayeogopa ngazi anaanza kukokota gurudumu mapema. Akiifikia anashindwa, anapita kando. Kando hizo zilikuwa zimeshakuwa tatu, kila moja imeua nyasi zake. Kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka sisi tulikuwa tumeshachora mtaro kwa magurudumu, pale pale palipokuja kuwa sentimita 60.

Kipande cha pili ni cha mzee.

Mambo yake ya shamba tulikuwa tumeyamaliza kwa kazi, siku mbili za beleshi na toroli kuondoa mchanga, na mbegu tukagharamia sisi. Februari ilikuwa imechelewa kwa uwele, akapanda kunde. Siku ya pili jioni, jasho likiwa limekauka, alituambia kwamba ujanani alikuwa kibarua wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973 kupambana na makorongo ya mkoa huu. Ndio waliochimba makinga maji na kupanda miti, na kule Kondoa mwaka 1979 walifika hatua ya kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika. Mtu aliyepitisha ujana wake akiziba makorongo alikuwa amekaa akitutazama tukichimba moja juu ya shamba lake.

"Babu, mbona hukutuambia Septemba?"

"Mlikuja kuniuliza Septemba?"

Akatupandisha mpaka kwenye bamba la graniti, akaliwekea mguu. Mwamba haunywi maji, akasema. Kila kinachoangukia hapa kinashuka, na kinashukia wapi? Tulilipima: kama mita 60 kwa 40. Mvua ya milimita 30, ambayo Dodoma inaweza kushuka alasiri moja na jua likatoka jioni, juu ya bamba hilo ni lita 72,000. Gawanya kwa pipa la lita 200: mapipa 360. Yakiteremka karibu yote kwa wakati mmoja, mdomo wa bamba ukielekea mahali ambapo sisi tulikuwa tumekwisha kuandaa mtaro kwa breki zetu. Mvua ya El Niño ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini mvua ya mwaka wa kawaida nayo ingefika hapo, pengine kwa kuchelewa mwaka mmoja.

Watu wanaopewa ushauri wa njia za jangwani huwa wanasahau jambo hili. Moab hupata kidogo zaidi ya milimita 200 za mvua na theluji kwa mwaka. Dodoma ni kama 570, na karibu zote zinajibana kati ya Desemba na Aprili, zikiikuta ardhi ambayo kwa miezi saba imelishwa mpaka kwenye shina la jani la mwisho. Tunajiita nchi kame na ni kweli, ila kinachotuharibia ardhi ni maji.

Mzee alilieleza jambo la mteremko vizuri kuliko nilivyowahi kuliona limeelezwa. "Maji ni mavivu kama ninyi, yanapenda mkato. Ukiyawekea njia inayolala, yanaikatiza yanaendelea na safari yao. Ukiyawekea inayoshuka kama yanavyoshuka yenyewe, yanasema asante, yanaingia." Wajenzi wa njia za baiskeli kwingineko wana kanuni inayosema hilo hilo kwa tarakimu: njia isizidi nusu ya mwinamo wa ubavu inaopitia. Ubavu ukiwa asilimia 24, njia isipite 12. Yetu ilikuwa 20. Kwa maji hiyo ilikuwa barabara ya lami.

Hapa ndipo nilipoacha kuona makosa mawili. Kwa miezi kadhaa tulijadili "suala la mmomonyoko" na "suala la wanaojifunza" kama ajenda mbili, na daftari linazo kama namba 3 na namba 5. Kumbe mteremko uliomtisha dada akafunga breki ndio ulioyaita maji, na alama ya woga wake ndiyo maji yaliyoifuata. Kama ungekuwa mteremko anaoweza kuushuka bila kukokota gurudumu, ungekuwa pia mteremko ambao maji yanaukatiza. Ile "ashuke polepole" ya kwenye daftari ilikuwa amri ya kuchimba.

Agosti 2024 tulianza upya. Mzee alitutengenezea kipimo chenye umbo la A: fito mbili zilizo sawa, moja ya kukatiza, kamba na jiwe katikati. Wakulima wa makinga maji wanakijua. Miguu yake ina mita mbili kati yake. Ukitaka kontua kamili, yaani mstari usiopanda wala kushuka, unatafuta mahali ambapo kamba inaangukia katikati. Ukitaka mteremko, unafunga kipande cha mti chini ya mguu wa bondeni. Kipande cha sentimita 10 kinakupa asilimia 5. Unatembea na lidude lile kama ndege mwenye miguu mirefu, unapigilia kijiti, unageuza, unapigilia kijiti. Kilima kizima kwa siku mbili. Vijana walikuja na programu ya simu ya kupimia ulalo, na siku ya pili wote walikuwa wanapokezana fito.

Mita 140 kwa asilimia 5 ni njia ya mita 2,800, mara nne ya ile ya kwanza. Ilibidi izunguke kilima kwa kona sita za kurudi nyuma, kama zile za Nyang'oro ukitoka Mtera kwenda Iringa. Kazi ya Jumamosi tatu ikawa ya miezi mitatu. Njia rahisi kuiendesha ndiyo ngumu kuijenga, na hilo hakuna aliyekuwa amenionya. Upana tuliweka sentimita 90, uso ukiinamia kidogo upande wa bonde ili maji yasipate pa kukaa. Kila mita 25 hivi tukaweka tuta pana la kugeuza maji: njia inapanda kidogo kisha inaendelea kushuka. Mwanafunzi mmoja alidhani ni matuta ya barabarani ya kuzuia mwendo. Kwa kweli mgeni akiyapita anayafurahia, na maji yakifika hapo hayana la kufanya ila kutoka.

Kona zilitusumbua kuliko yote. Kona ya kurudi ndiyo mahali pekee kwenye njia laini ambapo anayejifunza anarudia kufunga breki ya nyuma. Mbili za kwanza tulizijenga mahali pabaya, kwenye ubavu mkali, tukazibomoa. Kona inataka mahali ambapo kilima chenyewe kimepumzika, hata kama ni lazima urefushe mkondo mzima ili uifikie.

Wale wanne hawakuipenda. Mmoja alisema tumejenga njia ya kubebea wagonjwa, na kwa wiki mbili hakuja. Nilimwelewa, mtu aliyenunua shokapu kwa mishahara miwili hataki kuambiwa ashuke asilimia 5. Suluhisho lilikuwepo tangu mwanzo, kwenye ile video tuliyoisoma vibaya. Wanaotaka ukali wapewe mwamba. Tulichora mstari wa pili unaotoka kwenye njia kuu, ukapita juu ya graniti tupu kutoka bamba hadi bamba, ukarudi kwenye njia kuu chini. Gurudumu haligusi udongo isipokuwa mahali pawili, na hapo tulipanga mawe. Mvua ikinyesha haupitwi, kwa maana kuvu wa mawe wakilowa ni sabuni.

Na mlango wa mstari huo tuliufanyia jambo moja ninalolipenda kuliko yote. Zamani ngazi ya mwamba ilikuwa katikati ya njia ya wote; sasa nyingine iliyo kama yake, ya sentimita 35 hivi, ndiyo kitu cha kwanza kabisa unachokutana nacho ukiacha njia kuu. Hakuna cha kukwepea. Ukishindwa hapo umepoteza mita tatu. Unashuka, unasukuma baiskeli, unarudi kwa wenzako. Ukiweza, hakuna kitu mbele kibaya kuliko hicho. Zamani tulimvuta mtu nusu ya kilima kwa upole ndipo tukamwonyesha joka.

Alama tulizipaka kwenye mawe kwa rangi iliyobaki ya ukuta wa fundi. Zinafuata mpangilio wa IMBA, shirika la waendesha baiskeli za milimani la Marekani lililoanzishwa mwaka 1988, nao ulitokana na alama za watelezaji wa theluji: duara la kijani kwa rahisi, mraba wa buluu kwa wastani, almasi nyeusi kwa ngumu. Kijani kwao maana yake ni upana wa angalau sentimita 90, wastani wa mteremko usiozidi asilimia 5, na kikwazo kisichokwepeka kisipite sentimita 5 kwa kimo. Njia kuu ni ya kijani. Mstari wa mwamba ni almasi. Buluu hatuna, na hilo ni pengo, kwa sababu mwanafunzi aliyechoka na kijani bado hawezi almasi.

Chini kabisa, kati ya kilima na barabara, kuna mita mia nne za udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi una nyufa zinazomeza tairi jembamba; masika unaganda kwenye gurudumu mpaka haligeuki. Tumeacha kupigana nao. Desemba hadi Aprili tunapita barabara. Na pembeni yake, kando ya mazizi, pamejaa mbigiri. Tunda lake likikauka linapasuka vipande, kila kipande na miiba yake, na hata kikianguka vipi kuna mwiba unaotazama juu. Siku ya ufunguzi wa kwanza tulipata pancha kumi na moja, solusheni ikatuishia. Wenye pesa siku hizi wanaweka utomvu wa mpira ndani ya tairi lisilo na tyubu, tundu linajiziba lenyewe. Fundi anakata tyubu kuukuu kwa urefu, anailaza kati ya tairi na tyubu mpya, na pancha zake hazizidi za wenye utomvu.

Breki tulizifundishia uwanjani, si kilimani: mstari wa chokaa, kidole kimoja kwenye breki ya mbele, makalio nyuma, simama bila tairi kulia. Dada mkaguzi alihitaji Jumamosi mbili. Vipara vya tairi lake la nyuma tulivipiga picha tukavibandika kwenye daftari, ukurasa unaofuata ile sentensi yangu.

Msimu wa 2024/25 haukuwa wa El Niño, kwa hiyo sitautumia kujisifia. Machi 2025 tulipima tena kwa kamba ile ile. Matuta mawili yalikuwa yamejaa mchanga nyuma yake, tukayazoa. Kona ya nne ilikuwa na mfereji wa vidole viwili, na alama za breki zilikuwa palepale juu yake. Korongo la zamani, tulilolifunga kwa mawe na matawi ya miiba kama mzee alivyotuelekeza, lilikuwa limekamata mchanga na limeota majani. Kunde za mzee zilikuwa kunde.

Lililotushangaza ni ukingo wa nje kati ya kona ya pili na ya tatu. Ulikuwa umebomoka kama mita kumi na mbili, umemegeka kwa vipande vidogo vidogo. Haikuwa kazi ya maji wala ya baiskeli. Zilikuwa kwato. Njia inayolala, pana, isiyo na miiba, kumbe kila kiumbe wa kilima kile alikuwa akiitamani. Akina mama wanapandia na madumu ya maji, kijana mmoja anasukumia Phoenix yenye magunia mawili ya mkaa, na mjukuu wa mzee anapitisha mbuzi wake asubuhi na jioni, nao wanapenda kutembea ukingoni kabisa.

Nilimwomba mzee, kwa adabu zote, amwambie mjukuu apitishe mbuzi kwenye njia yao ya zamani. Akanitazama kwa muda.

"Si mlisema ni njia ya wote?"

Jumamosi inayokuja tunakwenda kuujenga ukingo ule kwa mawe. Ameagiza tulete sururu, majembe tuyaache nyumbani.